Mshipa Upi?

Kiti kilinigharimu karibu nusu ya mshahara. Kina egemeo la kiuno na mikono inayopanda na kushuka. Nilikinunua baada ya mkuu wangu wa kitengo kusema, mbele ya wenzangu, kwamba kichwa kinaniuma kwa sababu nakaa kama kuku anayeatamia. Walicheka. Nami nikacheka, nikanyoosha mgongo.

Siku ya tatu ya kiti kipya nilianza kupiga miayo saa nne asubuhi, kisha shingo ikakaza nyuma, upande wa kushoto. Kufika adhuhuri maumivu yalikuwa yamepanda kisogo, yakavuka utosi na kutua juu ya jicho. Mwanga wa kompyuta ukawa kama mchanga. Nilitapika chooni, nikarudi, nikakaa wima kabisa. Ndicho kinachonichekesha hadi leo: nilikaa wima.

Nilianza kusoma kwa hasira. Nilitaka kujua huo ukaaji mzuri ulipimwa na nani. Mwanzo niliutegemea ule mchoro unaosambazwa kila mahali, wa mtu aliyeinamia simu na kilo 27 zimeandikwa shingoni. Umetokana na makala ya mwaka 2014 ya Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo huko New York. Kumbe ni hesabu ya kompyuta. Hakuna shingo ya mtu iliyopimwa. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini uzito si maumivu. Wachukuzi wa sokoni wangekuwa wamelazwa wote.

Wapo waliopima kweli. Alf Nachemson wa Sweden, katika miaka ya 1960, alichoma sindano kwenye diski za migongo ya watu hai, akaona kwamba kukaa kunazibana zaidi kuliko kusimama. Viti vingi vya ofisi vimeuzwa kwa matokeo hayo. Lakini mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake, Ujerumani, walimwekea mtu mmoja kipimo ndani ya diski na kumwacha aishi nacho siku nzima. Alipokaa kwa kujilegeza, shinikizo halikuzidi lile la kusimama. Alipojimwaga kitini kama mtu anayetazama mpira, likashuka zaidi. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, najua. Ila nilikitazama kiti changu kwa jicho jingine.

Hapo ndipo nilipolirudia neno letu wenyewe. Kiswahili kina kipandauso, jina linaloutaja ugonjwa kwa njia unayoipita: kitu kinachopanda uso. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mwaka 1940 Bronson Ray na Harold Wolff walichapisha walichokiona kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kichwa wakiwa macho. Kuugusa ubongo hakukuwaumiza, lakini utando unaoufunika, hasa karibu na mishipa mikubwa ya damu, uliwauma. Sehemu kubwa ya utando huo huhudumiwa na neva ya trijemia, ileile yenye matawi matatu: la paji na jicho, la shavu, na la taya.

Nyuzi za neva hiyo zinazobeba maumivu hazikomei kwenye shina la ubongo. Zinateremka hadi sehemu ya juu ya ugwe wa mgongo, na huko zinakutana na nyuzi zinazotoka kisogoni na shingoni. Zote zinaripoti kwa seli zilezile, na ubongo ukipokea taarifa hauwezi kupambanua vizuri imetoka wapi. Ndiyo maana shingo inaweza kuuma wakati tatizo liko kwenye utando wa kichwa. Ile miayo yangu ya saa nne, na pengine ule ukakasi wa shingo, havikuwa chanzo. Shambulio lilikuwa limeshaanza, nami nikawa nalilaumu bega langu.

Kwa miongo kadhaa wataalamu walibishana. Wolff alisema maumivu yanatokana na mishipa ya damu inayotanuka. Wengine wakasema asili ni mishipa ya fahamu. Sisi tungekuwa na kazi hata kuufuatilia ubishi huo, maana vyote viwili ni mishipa. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba wakati wa shambulio, damu inayotoka kichwani huwa na kiwango kikubwa cha CGRP, kemikali ambayo neva za trijemia huiachilia na ambayo pia hutanua mishipa ya damu. Kutoka hapo zikaja dawa za kuizuia. Ya kwanza ya sindano iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Mimi bado natumia vidonge vya kawaida na chumba chenye giza.

Chumba chenye giza nakifahamu tangu utotoni. Mama alikuwa akijifungia mchana, kanga imefungwa kichwani kwa fundo, redio marufuku. Alikuwa akisema, "Mishipa inanivuta." Baba alikuwa akituambia anadeka, nasi tuliamini, kwa sababu jioni alikuwa akitoka na kupika kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara moja, nikiwa na miaka kama 11, niliwasha redio makusudi. Sikutumwa na mtu. Nilitaka kuona kama atainuka.

Aliinuka. Akaizima, akarudi ndani akishika ukuta.

Mwezi uliopita nilimpigia. Baada ya shikamoo na habari za kuku wake, nikamuuliza maumivu yalikuwa yakianzia wapi. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Huku nyuma, shingoni," akasema. "Halafu yanakuja mbele, jichoni. La kushoto. Kwa nini?"

Nikamwambia nami ni la kushoto.

"Tangu lini?"

"Tangu chuo, mama."

"Na hukusema."

Nilitaka kumweleza habari ya neva yenye matawi matatu. Nilitaka pia kusema kuhusu redio. Yeye alikuwa ameshaanza kuniuliza kama chumba changu kina pazia zito, au anitumie lake na basi la Jumamosi.