Bulabo ya Bujora

Mwezi wa Juni, mavuno yakiisha kuingia ghalani, toka hapa Ibadakuli upande basi la Mwanza, kisha ushike njia ya Musoma mpaka Kisesa. Karibu na hapo ndipo Bujora. Kanisa lake ni la mviringo mfano wa nyumba ya mtemi, kazi ya Padre David Clement kutoka Kanada. Yeye ndiye aliyeanzisha pia makumbusho ya Wasukuma, zilimo ngoma za watemi.

Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, baada ya Misa na maandamano, Bulabo huanza. Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, kila upande na kundi lake. Wenye kuvuta watu wengi ndio washindi.

Nilikwenda na mwanangu wa miaka tisa. Vijana walipoingia wakirusha majembe juu, wakicheza bugobogobo, akaniuliza, “Baba, hawa ni kabila gani?”

Nilishikwa na haya. Babu yake aliicheza ngoma hiyo shambani. Mimi nimemfundisha mtoto kusoma na kuhesabu, hilo nikalisahau. Sasa kila Jumapili jioni twaenda kwa mzee, naye amekwisha kumchongea mpini mdogo.

Je, msomaji, wako akikuuliza, utamjibu nini?