Kompyuta ya mjomba na kaseti mbili

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmepiga simu mkidhani naumwa. Siumwi. Nilikuwa nahangaika na kompyuta iliyonizidi umri, na leo nataka niwasimulie.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikwenda Uingereza mwaka 1984 kusomea ualimu wa hesabu. Aliishi Leeds miaka mitatu. Aliporudi alikuwa na koti zito lisilovalika Tanga, maboksi ya vitabu, na kidude cheusi kinachotoshana na daftari la shule, chenye vitufe vya mpira wa kijivu. Hicho kidude ni kompyuta. Inaitwa Sinclair ZX Spectrum.

Kwa Waingereza wa rika lake, Spectrum ni kama redio ya mkulima ilivyokuwa kwa wazee wetu. Kampuni ya Clive Sinclair iliitoa tarehe 23 Aprili 1982. Ile ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125 na ile ya kilobaiti 48 pauni 175, wakati ambapo kompyuta nyingine nyingi zilikuwa za makampuni na vyuo. Haikuwa na skrini yake, unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Haikuwa na diski, programu unaihifadhi kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya kurekodia muziki. Hizo kilobaiti 48 ni kitu gani? Picha moja ya simu yako yenye megabaiti 3 ingehitaji Spectrum zaidi ya 60 kuibeba. Hata hivyo ziliuzwa zaidi ya milioni 5 za aina zake zote, na watoto wengi walioanza nazo ndio walikuja kutengeneza michezo ya kompyuta ya Uingereza.

Sasa fikiria kuileta Tanzania. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na baadaye marufuku hiyo ikalegezwa polepole. Mjomba anasema alipoulizwa mpakani ni kitu gani akajibu, "Kikokotoo." Wakakiangalia, wakamrudishia. Tatizo likawa jingine. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku bara vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Mwalimu wa Korogwe mwaka 1987 angeichomeka wapi? Akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na kaseti mbili. Ikakaa humo zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka huu presha ya macho imemzidi. Anaona kivuli tu. Nilipokwenda kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mjomba, lile sanduku litakuja kutupwa nikishaondoka. Kuna kazi yangu mle kwenye kaseti. Itazame kama bado ipo."

Kumbe usiku kule bwenini Leeds, wenzake wakienda baa, yeye alikuwa anaandika programu kwa lugha ya BASIC. Kaseti ya kwanza ilikuwa na mchezo wa bao, bao letu lile la mashimo 32 na kete 64. Ya pili ilikuwa na programu ya kufundishia watoto hesabu za kuzidisha, kwa Kiswahili. Nakala nyingine hakuna popote.

Nikaibeba hadi Dar, kwa fundi mmoja mzee wa redio Kariakoo. Akaifungua, akainusa (ndiyo, akainusa), akasema, "Hii ni redio tu isiyo na stesheni." Nilikuwa nimempakulia ramani yake ya umeme kutoka kwenye mtandao, akaisoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Kwa wale mnaopenda kujua, ugonjwa wa mashine hizi unajulikana. Chipu 8 za kumbukumbu ya chini zinataka umeme wa aina tatu kwa pamoja: volti 5, volti 12 na volti hasi 5. Ile hasi 5 ikipotea, chipu zinakufa. Na kinachoitengeneza ni saketi ndogo yenye transista moja dhaifu, iliyoandikwa TR4 kwenye bodi. Fundi akaweka mita: hasi 5 haipo, TR4 imekufa, na chipu 3 kati ya 8 imezichukua pamoja nayo. Tukaagiza nje. Tulipokuwa tunasubiri akabadilisha kapasita zote za zamani. Akatoa pia waya wa picha moja kwa moja kutoka kwenye bodi, ili uingie kwenye tundu la njano la televisheni bila kutafuta chaneli.

Adapta alitengeneza mwenyewe. Hapa mwenye Spectrum asikilize kwa makini: inakula volti 9, lakini katikati ya pini ni hasi, kinyume na adapta nyingi za leo. Ukichomeka ya jirani umeiua.

Karatasi ya plastiki iliyo chini ya vitufe, yenye njia za umeme, nayo ilikuwa imekauka na kukatika kama jani la mgomba la kiangazi. Hiyo bado inatengenezwa mpya, kwa sababu duniani kuna watu wengi wenye wazimu kama wangu. Ubongo wa mashine, chipu ya Z80, ulikuwa mzima. Chipu hiyo ilitoka mwaka 1976 na kampuni ya Zilog iliacha kupokea oda zake mwaka 2024. Miaka 48!

Siku tuliyoiwasha, televisheni ikawa nyeusi, ikawa nyeupe, na chini kabisa yakatokea maandishi: © 1982 Sinclair Research Ltd. Fundi hakusema kitu. Akaomba chai.

Najua kuna msomaji anasema, mbona unajitesa? Zipo programu zinazoigiza Spectrum kwenye simu, bure. Kweli zipo, na ni nzuri, ninazo. Amstrad, waliolinunua jina hilo mwaka 1986, waliruhusu mambo hayo zamani. Lakini programu ya kuigiza inaendesha kile ambacho mtu ameshakiokoa. Michezo maarufu ya Kiingereza imeshaokolewa na maelfu ya watu. Bao la mjomba wangu nani angeliokoa? Hakuna mtu Leeds aliyejua kuwa lipo.

Na msidhani haya ni matatizo ya maskini tu. Mwaka 1986 BBC walikamilisha mradi mkubwa wa kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ile sensa ya ardhi ya Uingereza ya mwaka 1086. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, waliandika habari za vijiji vyao na kupiga picha. Kila kitu kikawekwa kwenye diski kubwa za leza zinazosomwa na mashine maalumu. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashine hizo zilikuwa zimebaki chache, na wataalamu wakaanza kuhangaika jinsi ya kuokoa kilichomo. Kile kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinasomeka! Waliokoa, na mwaka 2011 sehemu ya habari za vijiji ikawekwa kwenye intaneti. Lakini waliokoa kwa sababu kulikuwa na watu waliozitunza mashine na kujua kuzifungua.

Basi nikapanda basi kwenda Tanga, Spectrum mapajani. Kabla ya hapo kwa fundi tulikuwa tumezirekodi kaseti kwenye laptopu yangu, maana utepe wa umri ule huwezi kuuchezesha hovyo. Kaseti ya bao ilisumbua. Mara ya kwanza, ya pili na ya tatu jibu lilikuwa moja: R Tape loading error, 0:1. Fundi akachukua bisibisi ndogo, akazungusha skurubu ya pembeni ya kichwa cha kusomea, taratibu, akisikiliza mpaka mlio ukawa mkali na safi. Tukarekodi upya.

Nyumbani kwa mjomba ipo televisheni ya chogo, inayoendeshwa na king'amuzi. Nikachomeka. Nikamuuliza nianzeje. Akajibu bila kufikiri, "Bonyeza J." Neno LOAD likajiandika lote. "Sasa symbol shift na P, mara mbili. Enter." Miaka zaidi ya thelathini, haoni, lakini vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti.

Nikaanza kucheza sauti. Kwanza mluzi mrefu, mistari myekundu na ya samawati ikipanda pembeni ya skrini. Halafu kelele ile ya kukwaruza, mistari ya bluu na njano. Mimi nilikuwa naangalia mistari, mjomba alikuwa anasikiliza. Kama dakika hivi. Kabla kelele haijaisha akasema, "Imeingia." Nikamuuliza amejuaje. "Ikiharibika ningesikia."

Nikabonyeza R, enter. Kwenye skrini ikaandikwa: UNAANZA WEWE AU MIMI?

Nilimsomea. Mke wa mjomba, aliyekuwa mlangoni na bakuli la mchele, akauliza, "Kinazungumza Kiswahili?" Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Tulicheza, yeye akinitajia mashimo. Ile kompyuta inacheza vibaya sana, hata mimi niliifunga. "Ilikuwa inafikiria hatua moja tu mbele," akasema, "kumbukumbu ilinibana."

Kaseti ya pili haikupona. Ukungu ulikuwa umekula utepe, na kwa fundi ulikatika mahali pawili. Tulichopata ni mluzi na ukimya. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ndiyo ilikuwa na maana zaidi. Niliwaandikia wale watoto wa Korogwe." Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Ndiyo maana naandika haya. Kwenye chumba kimoja cha habari nilichowahi kufanya kazi kuna droo imejaa disketi za miaka ya 1990: habari, picha, mahojiano na watu ambao wengi wao wameshafariki. Hakuna kompyuta hata moja mle ndani yenye mahali pa kuzichomeka, na kila mwaka ukungu unafanya kazi yake bila likizo. Nimeomba ruhusa niichukue droo nzima. Bado nasubiri jibu.

Nawe, kama kwenu kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee, lifungue wiki hii angali yupo wa kukuambia ubonyeze herufi gani. Fundi tutampata.