Kabla Hujapiga Window

Ukisoma chuo kozi yoyote yenye neno kompyuta ndani yake, jua kabisa kwamba likizo si yako peke yako. Ukishusha begi tu nyumbani, foleni inaanza: simu inayoganda, king'amuzi kisichoonesha, akaunti ambayo mwenyewe kasahau nywila. Ukisema "hicho sijasomea", watu wanakutazama kama vile ada ya miaka miwili umeila bure.

Silalamiki. Nyumbani kwetu ni Mwandiga, pale barabara ya kwenda Manyovu inapoanzia, na mengi ninayoyajua kuhusu kompyuta nimeyashika vizuri zaidi kule kuliko maabara. Chuoni ukikwama unamwita mwenzako. Kule mwenzako ni wewe mwenyewe na kifurushi cha MB kinachokaribia kuisha. Basi leo naomba tuzungumzie tatizo moja linalotufuata sana sisi wanachuo: kompyuta kugoma kusoma flashi baada ya mtu kutumia programu ya mashine pepe. Limeshafanya watu wengi kufomati vitu ambavyo havikuwa na ugonjwa wowote.

Kwa wenzangu wa sheria na ualimu, mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta. Laptopu yako ina Windows, mwalimu anataka mfanye mazoezi ya Linux, hela ya laptopu ya pili haipo, na bumu lenyewe halijaingia. Unaweka programu kama VirtualBox, iliyotoka mwaka 2007, kisha ndani yake unaweka Linux. Ukiharibu huko ndani, unafuta na kuanza upya, laptopu inabaki salama. Ni kitu kizuri mno kwa mwanafunzi asiye na hela, na sitaki mtu amalize kusoma hapa akidhani nasema tuache kuitumia.

Ugumu uko kwenye USB. Flashi moja haiwezi kushikwa na mifumo miwili kwa wakati mmoja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa ni hivyo hivyo: ama Windows inaishika, ama mashine pepe inaishika. Kwa hiyo programu ya mashine pepe inaweka draiva zake karibu na mlango wa USB, zinazoweza kukichukua kifaa kutoka kwa mwenyeji na kumpa mgeni. Ukiona flashi haionekani kwenye Windows wakati mashine pepe iko hewani, anza kwa kuangalia ndani ya huyo mgeni, huenda imekaa huko imetulia. Kwenye VirtualBox kuna orodha ya vichujio vya USB, na kichujio ulichokiacha bila masharti yoyote kinachukua kila kinachochomekwa. Kifute, toa flashi kwa utaratibu, chomeka tena. Hiyo ndiyo homa nyepesi.

Homa kali ni ile inayobaki baada ya programu kuondolewa. Hiyo ndiyo niliyokutana nayo likizo iliyopita.

Mama mdogo ana steshenari Mwandiga. Kuna laptopu moja, printa yenye skana, na mashine ya kufunga vitabu. Msimu wa maombi ya mkopo wa Bodi, pale hapapumuliki. Nyote mnaikumbuka safari ile: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, fomu ijazwe mtandaoni, ichapwe, isainiwe serikali ya kijiji, ipigwe muhuri wa kamishna wa viapo, irudi iskaniwe, ipakiwe. Kwa aliyefiwa na mzazi kuna cheti cha kifo juu yake. Kila hatua ni nauli, na kila mtu anakuja siku za mwisho.

Kijana anayemsaidia mama mdogo dukani anajifunza kompyuta mwenyewe kwa video. Alikuwa ameweka programu ya mashine pepe ili aione Linux, laptopu ikawa nzito, akaiondoa. Alipowasha asubuhi, flashi hazisomi. Printa haijibu. Mausi nayo kimya.

Nilimkuta binti mmoja wa jirani amesimama kaunta, flashi mkononi. Ndani yake mlikuwa na vyeti vyake vyote, pamoja na cha kifo cha baba yake, na fomu iliyosainiwa ilikuwa kwenye bahasha ikisubiri skana. Zilikuwa zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, wanasema flashi yangu imekufa, wanataka waifomati." Mama mdogo naye alikuwa ameshaamua laptopu iende kwa fundi mjini Kigoma ikapigwe window, Sh 30,000. Kuhusu mafaili, jibu alilopewa kwa simu lilikuwa fupi: "Hayo yataenda, mama." Mafaili yenyewe ni hesabu za vikoba vya akina mama, kadi za michango, na kazi za wateja za miaka mitatu.

Nikasema hakuna anayefomati kitu kabla hatujajua anayeumwa ni nani.

Swali la kwanza halihitaji utaalamu: flashi ndiyo mbovu, au kompyuta? Mwalimu mmoja jirani alitusaidia laptopu yake. Tukachomeka flashi ya binti, ikafunguka, vyeti vyote vipo. Alishusha pumzi hadi mimi mwenyewe nikasikia. Kwa dakika tatu tu ile flashi iliyohukumiwa kifo ikawa nzima. Tukanakili kila kitu kwenye laptopu ya mwalimu, halafu tukarudi dukani kwa mgonjwa halisi.

Swali la pili: ni porti moja au zote? Zote. Hapo kijana akanipinga, kwa sababu simu ikichomekwa ilikuwa inachaji. Ni hoja nzuri, ila waya wa USB wa kawaida, ule wa USB 2, una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Umeme kupita hakuthibitishi kwamba data inapita. Nikamwomba afungue kamera ya laptopu. Haikuwaka. Kamera nyingi za laptopu, ingawa hatuoni waya wowote, kwa ndani zinapita njia hiyo hiyo ya USB. Kibodi ya laptopu ilifanya kazi kwa sababu ile haikupita huko. Picha ikaanza kueleweka: si flashi, si porti iliyolegea, ni njia nzima ya USB iliyofungwa.

Swali la tatu ndilo ambalo mafundi wengi wenye haraka hawaulizi: nini kilibadilika mara ya mwisho kabla ya hali hii? Kijana alitaka kukwepa, nikaona anaogopa kupoteza kazi. Nikamwambia mbele ya mama mdogo kwamba sitafuti mwizi, natafuta tarehe. Ndipo akasema: niliondoa ile programu jana jioni, nikafuta na folda zake zilizobaki, nikazima.

Tukafungua Device Manager. Kwenye kundi la USB kulikuwa na pembetatu za njano, na ukibofya ndani unakuta kosa namba 39. Maana yake Windows imeshindwa kupakia draiva, ama imeharibika ama haipo. Tulijaribu kwanza njia ya kawaida, kuondoa vidhibiti vya USB kwenye orodha na kuwasha upya ili vijisajili tena. Vilirudi, na pembetatu zake zikarudi navyo. Hapo nikajua tatizo haliko kwenye kifaa kimoja kimoja, liko kwenye maelekezo ya kundi zima.

Maelekezo hayo yanakaa kwenye registri, ile daftari kubwa ambamo Windows inaandika mipangilio yake. Kila aina ya vifaa ina ukurasa wake, na ukurasa unaweza kuwa na mistari miwili inayoitwa UpperFilters na LowerFilters. Inasema hivi kwa lugha nyepesi: kabla hujakubali kifaa chochote cha aina hii, kipitishe kwanza kwa draiva huyu. Draiva mwenyewe akifutwa na jina lake likabaki kwenye mstari, Windows inamwita, haitiki, na mlango haufunguliwi kwa yeyote. Ni kama geti ambalo mlinzi wake ameacha kazi lakini amri bado inasema mtu asipite bila saini yake.

Kabla ya kugusa registri tulifanya mambo mawili. La kwanza, mafaili ya duka. Flashi haifanyi kazi, Bluetooth ya laptopu nayo ilikuwa imelala, ila Wi-Fi ilikuwa hai. Nikawasha intaneti ya simu yangu, tukapandisha mafaili ya vikoba na kazi za wateja mtandaoni. Kifurushi changu cha wiki kiliishia pale. La pili, tulihifadhi nakala ya ule ukurasa wa registri kabla ya kuubadili. Watu wa ziwani tuna mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Graf von Götzen, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukilazimika kuondoa kitu, kiondoe kwa namna ambayo kinaweza kurudi.

Njia kwa anayehitaji: fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Class, kisha tafuta folda inayoanza na 36FC9E60. Hiyo ndiyo ya USB. Hifadhi nakala yake. Angalia UpperFilters na LowerFilters. Kwetu kulikuwa na UpperFilters pekee, na ndani yake jina moja. Tukaenda folda ya drivers iliyo ndani ya System32, faili la jina lile halikuwepo. Huo ndio ulikuwa ushahidi niliokuwa nautafuta. Tukafuta mstari ule, tukawasha upya.

Kuwa makini hapo. Ukikuta majina mawili au matatu, usifute mstari mzima kwa hasira. Ondoa lile tu ambalo faili lake halipo. Ipo pia njia nyingine ya upole: weka tena programu ile ile, kisha iondoe kwa utaratibu wake kupitia orodha ya programu, isafishe yenyewe. Sisi hatukuifuata kwa sababu kupakua tena ni zaidi ya MB 100, na MB zenyewe nimeshakwambia ziliishia wapi.

Laptopu ilipowaka, taa ya mausi ndiyo iliyotangulia kutupa habari. Kisha printa ikaguna. Mama mdogo akasema "Alhamdulillah" na papo hapo akamuuliza binti, "Haya, lete bahasha." Fomu ikaskaniwa, na jioni ile ile maombi yalikuwa yameshatumwa. Kama amepata mkopo au hajapata, hiyo ni habari nyingine na ni yake mwenyewe. Ila hakuna atakayesema alikosa kwa sababu flashi yake ilifomatiwa dukani kwetu.

Kijana bado yupo kazini. Mama mdogo alimsema kidogo, kisha akamuuliza hiyo Linux ni kitu gani hasa, naye akaeleza vizuri kuliko baadhi yetu tunavyoeleza kwenye mtihani wa mdomo. Mimi sioni dhambi ya mtu kujaribu. Kinachotugharimu ni tabia ya kukimbilia dawa kubwa. Flashi haisomi, fomati. Laptopu nzito, piga window. Fundi anapata hela yake kwa saa moja, mteja anapoteza miaka mitatu, na ugonjwa wenyewe haujulikani mpaka leo.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Likizo inaisha, tunapanda treni au basi, tunarudi chuo. Ukitengeneza halafu ukaondoka na ujuzi wako kichwani, umewaachia watu wako namba ya simu tu, na simu yenyewe wakati wa UE huwa umeizima. Kwa hiyo siku moja kabla sijaondoka, mimi na kijana tulikaa tukaandika kwenye karatasi ya manila maswali manne kwa herufi kubwa: Flashi inasoma kwenye kompyuta nyingine? Porti moja au zote? Nini kilibadilika mwisho? Nakala ya mafaili iko wapi? Chini yake yeye akaongeza la tano kwa mkono wake, ambalo sikumwambia: Mwenye mali amekubali?

Hilo la tano chuoni sijawahi kufundishwa. Nimelinakili kwenye daftari langu.