Sare ya Babu katika Picha ya Ukutani

Katika nyumba nyingi za mjini iko picha ya zamani ya babu aliyevaa kijeshi, na kila mjomba ana habari yake. Huyu asema alikuwa askari wa Mjerumani. Yule asema alipigana Burma. Jumapili hii itie picha hiyo katika bahasha, uwachukue watoto, mfike kwenye Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam.

Kabla ya askari huyu wa shaba, mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na chini yake askari Mwafrika akimwinulia macho. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaing'oa. Mwaka 1927 wakamsimamisha huyu wa kwao, singe yake ikielekea bandarini.

Kujua babu alimtumikia nani, anza na kichwa. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye mkia wa kukinga shingo, na mbele yake tai wa madini. Askari wa K.A.R. wa vita vya 1914 hadi 1918 alivaa kofia ya duara, fupi zaidi, nayo pia ina kitambaa cha shingoni, ila tai huyo hayupo. Kaki na vitambaa vilivyoviringishwa miguuni visikudanganye, kwani pande zote mbili walivaa. Wala tarbushi tupu si ushahidi: polisi waliivaa, hata matarishi wa ofisini.

Kofia ya ukingo mpana, upande mmoja umekunjwa juu, ni ya vita vya 1939 hadi 1945. Hapo tazama begani kwa kioo cha kukuzia. Ukiona kichwa cha kifaru, hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, na mjomba wa pili ameshinda. Igeuze picha, huenda nyuma pana muhuri wa studio ya Colombo, maana vikosi vyetu vilipitia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Na nyumba isiyo na picha? Tembea hadi Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kilichopiga kambi hapo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na ni wachache mno waliopata kusimama mbele ya kamera. Maandishi ya sanamuni, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja pamoja na askari, lakini hayataji jina hata moja. Kama wazee wa ukoo wanalikumbuka la kwenu, liandikeni wiki hii, pamoja na kijiji alikochukuliwa.