Mashimo 48

Mwezi wa tatu nilirudishiwa stuli tatu. Mwenye mkahawa alizileta mwenyewe kwenye buti ya gari, akazipanga mlangoni pangu, akaisukuma moja kwa kidole. Ikayumba. "Siste, chai itawamwagikia wateja wangu," akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Oda ilikuwa stuli kumi na mbili. Kila moja ina miguu minne, na kila mguu una shimo lake kwenye kikalio. Hayo ni mashimo 48, na yote yanafaa kuinama kwa pembe moja. Mimi nilikuwa nayatoboa kwa drili ya mkono, jicho moja nimelifunga, nikijiambia iko sawa. Shimo likipotea digrii mbili tu, mguu wa sentimita 45 unafika chini ukiwa umekosea sentimita moja na nusu. Hesabu hiyo ni ya chuo, kabla sijaacha mwaka wa pili. Sijui kama kuna nyingine niliyobaki nayo.

Nilihitaji drili ya kusimama, ile yenye nguzo na meza, unavuta mkono na biti inashuka wima kila mara. Na nilikuwa na elfu ishirini na sita. Hizo pesa wacha niseme ukweli: Mama aliuza ndama Januari akanitumia. "Mama, rudi shule," ndiyo maneno aliyoniambia.

Mimi hula kwa kuandikia watu makala. Nimewahi kusifu blenda ambayo sijaishika hata siku moja, aya tano nzima. Kwa hivyo sikuamini sifa za mtandaoni. Nilitoa ufito wa chuma kwenye printa mbovu, ule mnyoofu unaong'aa, nikautia kwenye mkoba, nikashuka tao.

Kwanza nilienda Industrial Area, kwa mzee anayeuza mashini za karakana zilizofungwa. Hapo nilipenda. Drili kuukuu, chuma kizito cha kubebwa na watu wawili, rangi imebambuka, lakini nilipofunga ufito kwenye chaki na kuuzungusha, ncha ilitulia kabisa. Elfu ishirini na nne. Mkono ulikuwa tayari kwenye simu nilipoifuta vumbi ile sahani ya mota: volti 415, fezi tatu. Kwangu stima ni laini moja, volti 240, tena ya tokeni. "Fundi atakubadilishia mota," mzee akasema, kana kwamba mota na fundi ni za bure. Niliondoka nikiangalia nyuma.

Kirinyaga Road ndiko ziliko mpya, ndogo, zina stika kubwa ya nguvu ya farasi. Stika niliipuuza. Kwa shimo la milimita 25 kwenye mbao, kinachoua kazi ni chaki kuyumba na mwendo kuwa wa kasi sana. Biti pana ikienda mbio inachoma mbao badala ya kuila. Nikafungua kifuniko cha mikanda kuona mwendo wa chini kabisa: mizunguko 600 kwa dakika. Kwa biti yangu itaweza. Nikapima biti inashuka kiasi gani: sentimita 5. Kikalio changu ni 4. Sawa.

Halafu ufito. Ya kwanza, ncha ilicheza kama mlevi. Nikaomba ya pili, ikacheza pia. Modeli ni ile ile, bei ile ile, 19,000.

"Madam, unanunua mashini ama unaichumbia?" kijana wa duka akauliza. Alikuwa ameshaniuliza kama natumwa na mzee wangu.

"Lete ya tatu."

Ya tatu ilitikisika kidogo tu, unene wa karatasi hivi. Nililipa nikihisi tumbo limekaza.

Nyumbani niliifunga kwa bolti kwenye meza, la sivyo ingepinduka. Vipimo vya pembe vilivyochorwa kwenye meza yake vinadanganya, hilo niligundua baada ya kuharibu kipande kimoja cha saiprasi. Sasa nimechonga kabari ya digrii 12, naiweka chini ya kikalio na kukibana kwa klampu.

Jana jioni Mama alipiga nikiwa kazini. Nilizima, lakini mota huchukua muda kunyamaza.

"Ni nini hiyo inalia?"

"Ni jirani, Mama."

"Na shule walisema nini?"

Nikamwambia bado wanashughulikia. Akaniombea, akakata. Elfu saba zimebaki kwenye simu, sijazigusa. Mkahawa unataka stuli Jumamosi. Nimefika shimo la 31.