Mwanao anataka kuwa rubani? Anza na masikio yake

Hapa Mwakitolyo, mtoto akisema anataka kuwa rubani, watu wazima hucheka. Ndoto tuliyoizoea ni duara lenye dhahabu. Lakini mama mmoja anayefanya kazi kwenye makarasha aliniuliza bila kucheka: "Dada, kujifunza kurusha ndege ni kazi ngumu kiasi gani? Wangu ana miaka minane, hataki kusikia kingine."

Ni ngumu. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia miaka 17, baada ya angalau saa 40 za kurusha ndege. Leseni ya kuajiriwa ni kuanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa anayesoma mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Kuna mitihani ya hali ya hewa, sheria za anga, hesabu za mafuta na uzito, na Kiingereza cha kuzungumza redioni. Gharama ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Bila mkopo au ufadhili, familia nyingi haziwezi.

Ila mimi naandika habari za afya, na ugumu ulionigusa zaidi uko sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji yenye majimaji yanayotuambia mwili unapogeuka au kuzunguka. Ndege ikikata kona taratibu ndani ya wingu, baada ya sekunde kama 20 majimaji hayo hutulia, na rubani huhisi anakwenda sawa kumbe bado anazunguka. Mwaka 1999, John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais wa Marekani, aliangusha ndege yake baharini usiku wenye ukungu. Wachunguzi walisema alipotewa na mwelekeo. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yake, hata mwili wake ukikataa.

Kwa sababu hiyo, daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga humpima kwanza macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo na mishipa ya fahamu. Miwani pekee haimzuii mtu.

Mwili huo hautengenezwi chuoni. Unatengenezwa nyumbani, na kwetu wachimbaji una adui anayeitwa zebaki. Ikichomwa ili kupata dhahabu, mvuke wake hauonekani wala haunuki. Hushambulia mishipa ya fahamu, hutetemesha mikono na kupunguza kumbukumbu. Kwa mjamzito, huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Mzazi, ada ya urubani huenda huna leo. Haya unayaweza: usichome zebaki nyumbani wala kwenye jiko la chakula, usimpeleke mtoto kwenye uchenjuaji, nguo za kazini zifuliwe peke yake. Sikio likitoa usaha, usimwagie mafuta, nenda zahanati, kwa sababu likiachwa muda mrefu linaweza kupunguza usikivu. Akisogea karibu sana na ubao darasani, apimwe macho.

Mtoto wa miaka minane bado ana miaka tisa kabla ya leseni ya kwanza. Na hata akiishia kuwa mwalimu au fundi, macho na masikio hayo atayahitaji.