Tulivyochagua Homu Thieta



Ndugu wazazi na wanafunzi, kijana wetu hapa Munkunyu alihifadhi Suratul Kawthar kwa kusikiliza redio yetu kuukuu. Herufi thaa akaisoma kama sini, nasi tukamkemea.

Akiba ilipotimia tukaenda naye Kasese mjini kutafuta homu thieta. Muuzaji akafungua muziki. Sabufa ikatikisa vioo. Boksi lilijisifu kwa maelfu ya wati, lakini za PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua. Nguvu ya kudumu huandikwa RMS, nayo ilikuwa ndogo.

Tukachomeka flashi yenye kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, aliyerekodi msahafu mzima mwaka 1961. Kwenye mtambo ule, thaa ikawa sini! Tukajaribu wa bei ya kati: spika tano na sabufa moja. Spika ya katikati, ambayo katika filamu hubeba maneno, ikatoa kila herufi wazi.

Tukanunua huo. Njiani tukamwomba kijana msamaha: alisoma kama alivyosikia.

Basi pimeni mtambo kwa sauti ya msomaji, si kwa kishindo. Na usiku punguzeni sabufa. Jirani ana haki yake.

Wabillahi tawfiiq.